Sura ya Tisa: Kompyuta Iliyosahau Tarehe

Alhamisi saa nne asubuhi Inspekta alikuwa amekalia stuli ya maabara, koti magotini, akiitazama kompyuta kuukuu ikiitema CD kwa mara ya tatu. Kituoni vijana walimwita Kobe kwa sababu ya mwendo wake, wakidhani hajui. Alijua, na wala halikumkera. Aliowatia ndani kwa mwendo huo huo hawakuwa wachache.

"Tatizo ni CD au ni mashine?" aliuliza.

"Subiri, Afande. Mgonjwa hata vifungo hajafunguliwa." Fundi alikuwa mwanamke mwembamba aliyechomeka bisibisi nyuma ya sikio, mahali wengine huweka kalamu. Aliigeuza CD kwenye mwanga wa dirisha. "Haina mkwaruzo. Basi ni jicho la kisomeo."

Akachovya pamba kwenye spiriti ya maabara, akafuta kijilensi kilichokuwa kidogo kama punje ya mtama, akairudisha CD ndani. Safari hii ilizunguka, ikanguruma, na maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye kioo.

Mzee aliyesimama mlangoni alishusha pumzi. Huyo ndiye mkuu wa maabara. Watu wote walimwita Mwalimu, maana hakuna mpimaji wa damu katika jengo lile ambaye hakufundishwa na yeye jinsi ya kushika sindano. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka likasimama. Uso wake ndio uliokuwa haujalala.

"Itafunguka?" aliuliza.

"Itafunguka, Mwalimu," alijibu Kobe.

"Ifunguke. Nataka nione kwa macho yangu alichomfanyia mwanangu."

Mwanangu aliyesemwa hapo alizikwa Jumapili. Alikuwa binti pekee wa Mwalimu. Kwa miezi kadhaa alikuwa anachoka ovyo na kuota madoa ya zambarau miguuni, kisha Jumatano ya wiki iliyopita, tarehe kumi na mbili, akaja hapa hapa kupimwa. Karatasi ya majibu ikasema damu yake haina neno. Daktari akampa vidonge vya kuongeza nguvu, naye binti akaenda zake nyumbani. Ijumaa akaanza kutoka damu puani na haikukatika. Hospitali kubwa walipompima walikuta chembe za kugandisha damu zimebaki za kuhesabika, na kabla jua halijazama alikuwa marehemu. Daktari wa huko aliapa kwamba hali ile isingefikiwa kwa siku mbili tu. Majibu ya Jumatano hayakuwa yake.

Jumamosi mlinzi akamkuta Wifi ndani ya maabara. Wifi alikuwa mpimaji wa hapo, dada wa mume wa marehemu. Tangu siku ya harusi maabara nzima ilimwita kwa jina hilo mpaka la kwake likasahaulika. Mlinzi alikuta kompyuta ya mashine ya kuhesabu damu imepasuliwa tumbo, CD ya kuwekea mfumo wa zamani wa kompyuta iko ndani yake, na diski iliyotunza majibu yote imepondwa kwa nyundo na kuzamishwa kwenye ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu. Wifi hakukimbia. Alisema, "Nimeharibu mimi. Andika hivyo," kisha akafunga mdomo. Siku ya tano ilikuwa inapita na mdomo bado umefungwa.

Sababu watu walikuwa nayo tayari. Wifi na marehemu walikuwa wamenuniana miezi mitatu. Na daftari la maabara lilitia chumvi kwenye kidonda: ukurasa wa Jumatano ulikuwa na namba moja iliyoandikwa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya binti wa Mwalimu, kwa mwandiko wa baba yake. Ya pili ilikuwa ya mgonjwa mwingine, kwa mwandiko wa Wifi. Mkubwa wa Kobe aliutazama ukurasa huo mara moja tu, akasema sampuli zimebadilishwa, na jalada liwe kwa mwendesha mashtaka Ijumaa saa sita mchana. Shitaka ni kuua.

Kilichobaki ni CD nyingine moja, ya majibu. Kila jioni Mwalimu alinakili kazi ya siku na kwenda nayo nyumbani, jambo ambalo hata Wifi hakulijua. Aliileta kituoni mwenyewe, imefungwa ndani ya leso. Lakini faili zake zilisomwa na programu ya mashine ile tu, na programu ile iliishi ndani ya mfumo wa zamani tu. Ndiyo maana Fundi alikuwa hapa, na diski mpya mahali pa ile iliyopondwa, akianza moja.

Kioo kilisimama ghafla.

"Hakuna diski iliyopatikana," Fundi alisoma. "Inasema nibonyeze kitufe nitoke."

"Diski si umeiweka sasa hivi?"

"Nimeiweka, na inazunguka, weka kidole uisikie. Ila mfumo huu ulitoka kabla ya diski za namna hii. Ni sawa na kumpa bibi yangu simu ya kugusa. Anayo mkononi na anauliza iko wapi."

"Sasa hapo awali mfumo uliingiaje?"

"Aliyeuingiza mara ya kwanza aliupa maelezo ya diski kutoka kwenye kidiski kingine. Ukishaelezwa, haupotei tena. Asiyejua hilo hukwama hapa hapa."

Kobe alitoa kijitabu chake. "Kwa hiyo aliyeweka CD hii Jumamosi alikwama hapa."

"Alikwama. Alitaka kufuta diski kwa kuweka mfumo upya, CD ikamwambia hakuna diski, akaishia kuchukua nyundo." Fundi alichomoa bisibisi sikioni. "Mjanja angefuta majibu kutoka ndani ya programu kwa dakika mbili, na wewe usingejua. Huyu hakuwa amejipanga, Afande. Huyu alikuwa na haraka na machozi."

Kobe aliandika *haraka*, akayaacha machozi, maana hayaingii kwenye maelezo ya polisi. Lakini aliyasikia.

Fundi aliwasha tena na kubonyeza kitufe kabla mfumo haujaamka, akaingia kwenye ukurasa wa buluu wa mipangilio. Huko palikuwa na njia mbili za kusoma diski, mpya na ya zamani. Ilikuwa kwenye mpya. Akaweka ya zamani, akahifadhi, akawasha, na diski ikaonekana. Mpaka saa sita mafaili yalikuwa yamenakiliwa na kompyuta inaomba izimwe na kuwashwa ili imalizie. Fundi akaizima, na wote watatu wakatoka kwenda kunywa chai. Mwalimu alikuwa wa mwisho kutoka. Alishusha swichi kubwa ya ukutani, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Waliporudi Fundi akawasha, na kioo kikawa buluu kitupu. Diski haionekani.

Aliingia kwenye mipangilio, akatazama, akageuka polepole. "Afande, kuna mtu ameingia humu. Mimi nimeweka njia ya zamani kwa mkono wangu. Imerudishwa kwenye mpya."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alisema Mwalimu. "Wangu huu. Mwingine anao mkwe wangu, yule wa masjala."

Mkwe aliletwa. Alikuwa kaka wa Wifi na mgane wa wiki moja, kijana mkubwa aliyetembea kana kwamba sakafu ina maji. Mlinzi alishasema kwamba alimwona kwenye ujia saa sita na nusu.

"Uliingia maabara?" Kobe aliuliza.

"Sikuingia."

"Ulikuwa unafanya nini mlangoni?"

"Nilikuwa nimekaa kwenye benchi."

"Benchi la wagonjwa? Wewe una mgonjwa?"

Mgane alitazama mikono yake. "Jumatano ile alikaa hapo akisubiri majibu. Aliniletea chai masjala, akaniambia damu haina neno, tukacheka. Basi. Nakaa hapo saa ya chai."

Kobe alifunga kijitabu. Alikuwa na swali moja zaidi, na halikuwa la lazima, lakini aliliuliza. "Mke wako na dada yako waligombana nini?"

"Dada aliniambia, mkeo anachoka kupita kiasi, mwambie akapime. Mimi nikamfikishia vibaya. Mke wangu akasikia kwamba ameitwa mvivu. Miezi mitatu, Afande. Angepima siku ile ile."

Kobe alimwacha aende. Njia ile ilikuwa imekufa, na Kobe alisikitika kuifuata hata hivyo. Alimgeukia Fundi, aliyekuwa amelala nusu mwili ndani ya kompyuta.

"Samahani, Afande, nimemtia mtu mashakani bure," alisema kutoka humo ndani. "Njoo uone. Juu ya ukurasa hapa, imeandika leo tarehe ngapi?"

Kobe alivaa miwani. Kompyuta ilidai kwamba leo ni tarehe mosi Januari, ya mwaka ambao Fundi alikuwa bado yuko shule ya msingi.

Fundi alichomoa kitu bapa kama kifungo cha koti. "Kibetri. Hiki ndicho kinachotunza saa na mipangilio umeme ukikatwa. Kimekufa siku nyingi. Kila umeme ukikatwa, inasahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyeingia. Ni swichi."

"Swichi hushushwa kila siku," alisema Mwalimu. "Hiyo ni sheria yangu. Umeme wa humu uliwahi kuniunguzia mashine nzima."

"Ndiyo iliyokimaliza, Mwalimu. Usiku kucha kinafanya kazi peke yake."

Kobe alikuwa anafikiri kwa mwendo wake ule ule, na alikokuwa anaelekea hakukupenda.

"Sasa asubuhi kompyuta hii inajuaje tarehe?" aliuliza.

"Inatuuliza," alijibu Mwalimu. "Anayefungua anaiandikia. Wifi ndiye anayefungua, saa mbili."

"Anaisoma wapi? Nimeona simu zote mnaziacha kwenye sanduku pale mlangoni."

"Ukutani." Mwalimu alionyesha kalenda ya kuchana iliyoning'inia juu ya sinki, karatasi moja kwa kila siku.

"Na namba za sampuli?"

"Mashine inatoa yenyewe. Tarehe, halafu moja, mbili, tatu, ikianza moja kila inapowashwa. Majina tunaandika daftarini."

"Jumatano ile nani alifungua?"

"Mimi." Mwalimu alinyoosha kola ya koti lake. "Nilikuja naye saa moja, kabla ya watu. Nilimtoa damu mwenyewe, nikamtangulizia kipimo chake, nikampelekea daktari karatasi. Sikutaka mwanangu apange foleni."

Fundi alikuwa amemtolea Kobe macho. Kobe alitikisa kichwa kidogo sana, naye akayarudisha kwenye nyaya.

"Saa mbili umeme ulikatika siku ile?" Kobe aliuliza.

"Ulikatika kidogo. Wifi akaja akawasha upya. Umejuaje?"

"Nauliza tu, Mwalimu."

Walipobaki wawili ujiani, Fundi alinong'ona, "Nina kibetri kipya kwenye mkoba. Nikiweke?"

"Usiweke. Nataka iamke kesho kama ilivyoamka siku ile."

"Basi nitaipa maelezo ya diski kama alivyofanya fundi wa kwanza, niiwekee na programu yake, ili hata ikisahau iweze kuamka." Alisita. "Afande, ungeisoma hiyo CD peke yako leo. Kwa nini awepo?"

"Kielelezo kinafunguliwa mbele ya aliyekitoa. Ndiyo sheria."

Ilikuwa sheria kweli. Usiku huo Kobe aliirudia sheria hiyo kichwani mara nyingi, na kila mara ilizidi kuwa chungu.

Ijumaa saa moja kamili walikuwa mlangoni. Maabara ilikuwa na giza na harufu ya spiriti ya jana.

"Fungua kama siku zote, Mwalimu," alisema Kobe. "Sisi hatupo."

Mwalimu aliweka simu yake kwenye sanduku, akafungua, akapandisha swichi kubwa, akavaa glavu ingawa hakukuwa na cha kupima. Kompyuta ilikohoa, ikaamka, ikafungua programu yake na kuuliza tarehe. Mzee alipandisha miwani, akatazama juu ya sinki, akaandika bila wasiwasi wowote: ishirini.

Fundi aligeukia dirishani.

Kobe alikuwa na nafasi ya kusema kitu. Baadaye angejiuliza kwa nini hakusema. Mlango ulifunguliwa na mama wa usafi akaingia na ndoo yake na salamu zake, habari za asubuhi, poleni na msiba, jamani mmewahi. Akapitisha kitambaa kwenye sinki. Kisha, bila hata kutazama, kama alivyofanya kila siku iendayo kwa Mungu kwa miaka kumi na moja, akainua mkono akachana karatasi ya Alhamisi na kuitupa. Chini yake ikatokea Ijumaa, ishirini na moja.

Mwalimu aliitazama kalenda, akaitazama kompyuta, akaitazama tena kalenda. Mkono wake uliokuwa juu ya vitufe ulibaki hapo hapo.

"Wewe huchana saa ngapi?" aliuliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Saa hizi hizi nikifika, Mwalimu. Akija Wifi anaikuta tayari. Kwani leo nimekosea?"

"Hujakosea," alisema Kobe. "Tuachie chumba kidogo, mama."

Mlango ulipofungwa, Mwalimu aliiweka CD yake mwenyewe. Kobe alimwambia aketi, hakuketi. Alifungua faili ya Jumatano tarehe kumi na mbili, akaikuta namba moja, mgonjwa wa Wifi, aliyepimwa umeme uliporudi na tarehe ikaandikwa sawasawa. Akafungua Jumanne tarehe kumi na moja. Namba moja ilikuwepo, mtu mwenye damu njema kabisa. Na chini yake, kwa maandishi madogo ambayo printa haikuwahi kuyatoa, palikuwa na mstari mwingine: *namba moja, kipimo cha marudio*. Mashine ilidhani ni sampuli ile ile inapimwa tena. Ikahifadhi majibu mapya kimya kimya, ikachapa ya zamani.

Majibu mapya yalikuwa na tarakimu moja tu kwenye safu ya chembe za kugandisha damu.

Mwalimu aliisoma kama alivyosoma tarakimu za watu wengine kwa miaka thelathini. "Huyu alikuwa wa kulazwa siku hiyo hiyo," alisema. "Wa kuongezewa damu. Angepona huyu."

Kisha akaanguka. Kobe alimdaka kabla hajafika chini, na mzee akalia kifuani kwake, glavu bado mkononi, akisema neno moja tu, kwamba alikuja mapema. Nilikuja mapema. Nilikuja mapema ili asipange foleni. Fundi naye alikuwa analia na hakujificha.

Saa tano waliingia kituoni. Wifi alitolewa mahabusu, mwanamke mfupi mwenye kanga iliyokunjamana, akakuta Mwalimu amesimama mbele ya meza. Aliutazama uso wa mzee, na hakuhitaji kuambiwa. Akamgeukia Kobe kwa ukali ambao siku tano za mahojiano hazikuwa zimeutoa.

"Kwa nini umemwambia?"

"Sikumwambia."

"Diski nilishaiharibu! Nilishakubali! Ulitaka nini tena? Ningekaa huko ndani, mimi sina mtoto. Yeye ataishije na hili? Ataishije?"

Kobe alikuwa amekamilisha kesi, saa moja kabla ya muda, na hajawahi kutamani kushindwa kama siku ile.

"Ulijua lini, mwanangu?" Mwalimu aliuliza.

"Ijumaa usiku, baba. Nilirudi kuangalia namba." Aliinamisha kichwa. "Ungeniacha tu."

Mzee alimvuta, akamkumbatia mbele ya askari wote, kwa muda mrefu. Hakusema asante. Hakusema nisamehe. Labda yote mawili yalikuwa humo.

Karatasi ya kumwachia huru ilihitaji saini ya mlalamikaji. Kobe aliisogeza mezani na kalamu juu yake. Mwalimu aliandika jina lake kwa mwandiko ule ule ulionyooka wa daftarini, akaweka saini, akashuka mpaka mstari wa mwisho. Hapo kalamu ikasimama. Ukutani nyuma ya Kobe palikuwa na kalenda kubwa ya kituo, lakini mzee hakuinua macho kuitazama.

Aliisukuma karatasi kwa Wifi, na kalamu.

"Tarehe andika wewe," alisema.